Dharura Haimzibi Mgonjwa Mdomo

Ukitaka kujua kama ridhaa imepatikana, usianze na fomu. Nenda kwenye machela umuulize mgonjwa mwenyewe anaenda kufanyiwa nini. Akikujibu, "Wamesema nisaini," basi ulichonacho ni sahihi tu. Akikujibu, "Mtoto amekwama, watanipasua wamtoe," hapo pana kitu cha kushika, hata kama fomu bado haijaguswa na kalamu.

Nawaandikia nyinyi mliopangiwa kazi Isiolo: madaktari wa intanshipu, maafisa wa kliniki, wakunga, masista wa kajualti na wa leba. Ndugu wa mgonjwa akisoma hapa asione anachungulia barua ya wenyewe, maana mambo yake pia yamo.

Isiolo ina mambo yake. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 tu ndani ya eneo hilo lote. Mama anayeteremshwa mlangoni mwa hospitali ya rufaa mjini huenda ametoka Merti, Sericho au Oldonyiro, na kabla ya kufika lami amekula vumbi la saa nyingi. Anazungumza Kiborana, au Kisomali, au Kiturkana, au Kisamburu. Wewe umefika wiki iliyopita kutoka Kisii. Mumewe yuko fora, kambi ya malisho ya mbali, na ngamia, mahali ambapo simu haishiki mpaka mtu apande kilima. Aliyeandamana naye ni mama mkwe na shemeji wa kiume. Saa nane za usiku mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, na sista ameshakuwekea fomu mkononi. Mtu mwenye haraka hapo humpa shemeji kalamu. Kazi ya makala haya ni kukuzuia usifanye hivyo.

Kwanza ondoa kichwani ile imani kwamba dharura inafuta ridhaa. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaipa kauli hiyo meno: kifungu cha 7 kinaitoza faini isiyozidi shilingi milioni 3 taasisi ya matibabu inayoacha kutoa huduma ya dharura ilhali ina uwezo. Ridhaa imewekwa katika kifungu cha 9. Ndiyo, kinaruhusu kuendelea bila ridhaa mgonjwa anapotibiwa katika hali ya dharura. Kinaruhusu pia pale kuchelewa kunapoweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, mradi mgonjwa hajakataa, iwe kwa kauli, kwa ishara au kwa mwenendo wake. Wengi husoma mpaka kwenye neno "dharura" na kufunga kitabu. Wakiendelea watakuta kwamba kifungu hichohicho kinamtaka mhudumu achukue kila hatua ya busara kupata ridhaa ya mgonjwa.

Tena tazama ni nani hasa wanaoletwa thieta usiku. Mama aliyekwama katika uchungu yuko macho. Kijana mwenye kidole tumbo yuko macho, analalamika. Mzee ambaye henia yake imenasa yuko macho, anatapika. Mchungaji aliyepigwa risasi ya paja, mara nyingi, yuko macho na ndiye anayekueleza tukio lilivyokuwa. Asiyejiweza kabisa kusema, yule wa bodaboda aliyegonga kichwa barabara ya Moyale, ni wa nadra kuliko tunavyojifanya. Ruhusa ya kuendelea bila ridhaa iliwekwa kwa ajili ya huyo. Tukiitumia ruhusa yake kwa kina mama wote wa leba, tunajipunguzia kazi tu.

Kwa hiyo jiulize: nina dakika ngapi? Kitovu kikitangulia nje ya mlango wa uzazi, una dakika chache mno. Utazungumza huku machela ikisukumwa, na sentensi nne zitatosha. Kidole tumbo kisichopasuka kinakupa saa nzima na zaidi, na ukisema hukuwa na wakati hakuna atakayekuamini. Uchache wa muda unapunguza maneno yako. Haukupi ruhusa ya kunyamaza. Na hakuna sababu ya mazungumzo kuchelewesha kazi: sista anatafuta mshipa, mwingine anatoa damu ya kupimwa kundi, thieta inawashwa taa, na wewe umeinama karibu na kichwa cha mgonjwa unazungumza naye.

Utasema nini? Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinadai umweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na kwamba ana haki ya kukataa, pamoja na yatakayofuata akikataa. Kimeongeza jambo ambalo kwa Isiolo lingestahili kubandikwa ukutani: inapowezekana, umweleze kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayojali kiwango chake cha kusoma na kuandika. Orodha hiyo inaonekana ndefu, lakini kinywani ni fupi. Jaribu hivi:

"Mama, mimi ndiye daktari nitakayekupasua, naitwa fulani. Mtoto wako amekwama, njia haimtoshi, na moyo wake unachoka. Tukiendelea kungoja, anaweza kufa, na kizazi chako kinaweza kupasuka, nawe ukafa. Ninachotaka kufanya ni kukupasua chini ya tumbo nimtoe. Utadungwa sindano ya mgongo. Utakuwa macho lakini hutasikia maumivu, utasikia tu kuvutwavutwa. Hatari yake ni kutoka damu nyingi, ikabidi uongezwe damu, au kidonda kuingia uchafu. Mara chache sana damu hukataa kusimama, ikabidi tutoe kizazi ili tukuokoe. Ukikataa hatutakufukuza, tutaendelea kukuangalia, lakini naogopa tutampoteza mtoto. Una swali gani?"

Isome kwa sauti huku ukitazama saa. Haimalizi hata dakika mbili. Halafu linakuja jambo linalorukwa kuliko yote: mwombe akueleze yeye sasa. "Nimeongea haraka, mama. Hebu niambie umesikia nini." Usiulize, "Umeelewa?" Katika nchi hii yote, na kaskazini zaidi, mtu mwenye adabu hamwambii daktari kwamba hakuelewa. Ataitikia kwa kichwa, na kichwa hicho kitakudanganya. Maneno yake mwenyewe, hata yakiwa matatu, yanakuonyesha palipoachwa wazi. Akisema, "Mtatoa kizazi," ujue amesikia sehemu ya kutisha peke yake. Rudi pale urekebishe.

Usiache maumivu yakukwamishe. Kuna waliofundishwa kwamba aliyepewa dawa kali ya maumivu hawezi kuridhia, basi humwacha akigaagaa mpaka asaini. Fikiria mwenyewe ni nani anayesikiliza vizuri, anayelia kwa uchungu au aliyetulizwa kidogo. Unachopima ni kama anaelewa unachosema, anakishika kwa muda wa kutosha, anakipima kwa mambo yake, na anaweza kukuambia uamuzi wake. Maumivu peke yake hayaondoi uwezo huo, wala dawa kwa kipimo cha kawaida. Kuchanganyikiwa kwa homa au kwa damu kupungua sana kunaweza kuuondoa, na dakika kumi baadaye, maji yakishaingia mwilini, ukarudi. Kwa hiyo rudi umuulize tena.

Sasa mkalimani, maana hapa ndipo Isiolo inapokutega. Aliye karibu zaidi ni ndugu, naye mara nyingi ndiye asiyefaa. Chukua msichana ambaye hajaolewa, tumbo linauma, amepauka, kipimo cha mkojo kinaonyesha mimba, na picha inaonyesha mimba imetunga nje ya kizazi na mrija umepasuka. Kaka yake amesimama pembeni, tayari kutafsiri. Ukifungua mdomo mbele yake umeshatoa siri ambayo kifungu cha 11 kinailinda, na huenda umemtia dada huyo katika hatari nyingine atakapotoka hospitali. Waombe ndugu wote watoke, "tunataka kumpima", kauli ambayo haina uongo wowote. Mtafute mwanamke mfanyakazi anayejua lugha yake. Wafanyakazi wengi waliokulia mjini Isiolo wanazungumza lugha tatu au nne bila kuona ajabu. Tengenezeni orodha ukutani mwa chumba cha masista, nani yuko zamu gani na anajua lugha zipi, pamoja na namba ya simu ya kupigiwa usiku. Nimeona hospitali zenye mashine za bei kubwa zisizo na karatasi hiyo moja.

Mlinzi wa getini au mama wa usafi akiitwa kutafsiri, mheshimu kwa kumpa maelekezo: aseme kile nilichosema, asiongeze, asipunguze, asimshauri, na akitoka hapa asimwambie mtu. Zungumza kwa vipande vifupi. Mtazame mgonjwa, usimtazame mkalimani. Ukisema sentensi sita na yeye akatoa neno moja, simama uanze upya. Na jina la mkalimani liandikwe kwenye faili pamoja na lugha iliyotumika. Wakati ukimsaka mkalimani, kumbuka pia saa: mgonjwa akisema alikula "saa mbili", hakikisha ni mbili ya usiku au ya mchana ya kizungu, maana mwenye kutoa ganzi anategemea jibu hilo.

Kuhusu mume na wazee. Sheria ya Afya haina kifungu kinachomtaka mwanamke mzima, mwenye akili timamu, apate ruhusa ya mume ili apasuliwe. Hatafutiwi mtu wa kumsainia. Mfuatano wa walioruhusiwa kusema badala ya mgonjwa, yaani aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi au aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama, na baada yao ndugu wa karibu, unaanza pale tu mgonjwa mwenyewe anaposhindwa. Hilo lijue kwa moyo. Lakini ukiingia wodini ukilitamka kama amri ya polisi, utashinda hoja na kumpoteza mgonjwa, kwa sababu ndugu hao ndio watakaotoa damu, ndio watakaomlea akitoka, na ndio wenye kumrudisha au kutomrudisha kliniki.

Njia iliyo bora ni ya mpangilio. Mweleze mgonjwa kwanza, peke yake. Kisha umuulize, "Ungependa nimweleze nani mwingine?" Karibu kila mara atataja mtu. Sasa unapompigia mume au kumwita mama mkwe, unafanya hivyo kwa idhini yake, na mazungumzo yanabadilika sura. Mume akipatikana, weka simu kwenye spika, msalimie vizuri hata kama una haraka (salamu ya nusu dakika itakuokolea ubishi wa nusu saa), jitambulishe, umweleze kama ulivyomweleza mkewe, na uweke mpaka wa muda: "Mzee, thieta inatayarishwa. Ndani ya robo saa tunataka tuwe ndani." Wazee waliokaa nje wana desturi ya kujadiliana mpaka wapatane; wape habari kamili mapema, na mara nyingi wao ndio watakaomshawishi mume aliyesita.

Kuna nyakati mambo hayalingani. Mke amekubali, mume anakataa kwenye simu. Neno la mke ndilo linalosimama. Andika alichosema, kwa maneno yake, na saa. Mwite sista mkuu awe shahidi. Endelea na kazi. Kisha mtu mzima kati yenu, asiwe mwanafunzi, azungumze na mume kwa heshima baada ya upasuaji. Wakati mwingine mke mwenyewe anasema, "Siwezi kabla hajasema." Hapo usimkemee kwamba hajui haki zake. Kumtegemea mumewe ni uamuzi wake pia, na wajibu wako ni kumtafuta mume huyo kwa kasi: jirani, chifu, mwenye duka la kituo cha karibu, mtu yeyote mwenye simu inayoshika. Lakini kaa naye faragha mara moja, umuulize bila macho ya mtu, "Na wewe mwenyewe moyo wako unasemaje?" Jibu la faragha na jibu la mbele ya watu huweza kutofautiana, nawe unahitaji kuyajua yote mawili.

Hatari zipi utaje na zipi uache? Uingereza ililiamua jambo hili mwaka 2015 katika kesi ya Montgomery dhidi ya bodi ya afya ya Lanarkshire. Mama mwenye kisukari, mfupi wa kimo, hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama. Yakakwama, mtoto akaumia. Mahakama ikasema daktari anapaswa kutaja hatari ambayo mtu aliye katika nafasi ya mgonjwa angeiona ina uzito, hata kama madaktari wenzake huwa hawaitaji. Hukumu ya huko haitufungi, lakini kipimo chake kinafaa mno hapa. Kwa mama wa Biliqo, hatari yenye uzito kuliko maambukizi ya kidonda ni hii: baada ya kupasuliwa, kovu la kizazi linaweza kuachia katika uchungu wa mimba ijayo, kwa hiyo asizalie nyumbani tena, asogee karibu na hospitali yenye thieta siku zikikaribia. Kwa mwenzake wa Bulla Pesa hilo ni safari ya bodaboda. Kwa huyu wa Biliqo ni uamuzi wa familia nzima: watoto wataachwa na nani, mbuzi wataangaliwa na nani, mjini atalala kwa nani. Kama ni dharura ya dakika, sentensi moja inatosha sasa, na mengine utayasema kesho. Usikose kuyasema tu.

Mwanamume anayehitaji kukatwa mguu ana mizani yake tofauti. Hapa haraka ya daktari huharibu sana. Mguu umepigwa risasi siku tatu zilizopita, umekuwa mweusi, unanuka, na mgonjwa anasema, "Siukati." Daktari anamwambia, "Basi utakufa," na kuondoka. Mgonjwa amesikia tishio, hajasikia maelezo. Kaa chini. Muulize anaogopa nini hasa. Mmoja atakuambia hawezi kufuata mifugo kwa mguu mmoja. Mwingine atauliza mguu utapelekwa wapi, kwa sababu yeye ni Mwislamu na anataka kiungo chake kizikwe. Hilo lina jibu rahisi, familia ikabidhiwe, na nusu ya hofu imeondoka. Wa tatu anaamini ukimlaza utakata zaidi ya mlivyopatana. Chora kwa kalamu juu ya ngozi, mbele yake, mahali mkato utakapopita, na sababu ya kupita hapo. Mwambie utarudi baada ya saa moja, na urudi kweli. Kama mjini kuna mtu anayetembea kwa mguu wa bandia na yuko radhi kuja, atafanya kazi ambayo wewe huiwezi.

Na akikataa mpaka mwisho? Mtu mzima mwenye akili timamu ana haki hiyo, hata kama wewe huioni busara yake. Andika ulichomweleza, alichojibu, na nani walikuwepo. Endelea kumpa dawa za kuua vijidudu, za maumivu, na kumsafisha kidonda. Fomu ya kukataa matibabu isiwe tiketi ya kumtoa kitandani. Wengi hubadili nia usiku, na watamwambia yule aliyewatendea vizuri.

Mtoto yuko katika hali nyingine. Mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa aelezwe pia, na sauti yake isikike. Mzazi akikataa upasuaji unaookoa uhai, Ibara ya 53 ya Katiba inayaweka maslahi ya mtoto mbele ya yote. Usikabiliane naye peke yako: mwite msimamizi wa hospitali, afisa wa watoto, na mzee au imamu ambaye familia inamsikiliza. Ikiwa hakuna muda hata wa hayo, madaktari wawili waandike kwenye faili kwa nini hawangeweza kungoja. Msichana wa miaka kumi na sita aliyekwama katika uchungu bila mzazi ni wa dharura ya kweli. Mhudumieni, maswali ya umri wake na ya aliyempa mimba yana wakati na ofisi zake.

Kwa asiyejitambua na asiye na ndugu, fanya lile linalookoa uhai au kiungo, basi. Mpaka huu umevukwa vibaya nchini mwetu. Mwaka 2023 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haki za wanawake kadhaa wenye virusi vya UKIMWI zilivunjwa, kwa kuwa walifungwa kizazi bila ridhaa yao ya kweli wakati wa kupasuliwa kujifungua. Kuridhia mtoto atolewe hakukuwa kuridhia kufungwa mirija. Kuuliza swali la kufunga kizazi katikati ya uchungu, kalamu mkononi, mbele ya mama anayedhani akikataa atanyimwa huduma, ni kulazimisha hata kama sauti yako ni ya upole. Kama damu haisimami na kizazi lazima kitoke, hilo ni jambo tofauti; ndiyo maana lilitajwa kwenye maelezo ya mwanzo.

Fedha nayo itajwe, kwa kuwa ndugu wanaiwaza kuliko wanavyowaza kisu. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya, imechukua nafasi ya NHIF, na bado kuna watu wasiojua kama wamesajiliwa. Sema wazi kwamba upasuaji wa dharura haungoji malipo, na kwamba usajili unaweza kushughulikiwa na ndugu mmoja wakati mgonjwa yuko ndani. Usipolisema, utaona familia "ikijadiliana" kumbe inachangishana.

Rufaa inahitaji ridhaa vilevile. Kumpakia mtu kwenye ambulensi kwenda Meru au Nairobi bila kumwambia anaenda wapi, kwa nini hapa haiwezekani, na ni ndugu wangapi wanaoweza kupanda, ni kumhamisha kama mzigo.

Sasa ndipo fomu inapokuja. Kwa maoni yangu desturi mbaya kuliko zote ni kumtuma mwanafunzi au sista na fomu, wakati mpasuaji yuko chumba kingine anakunywa chai. Anayejua upasuaji ndiye aeleze. Anayetoa ganzi aeleze ganzi yake mwenyewe, maana wengine wanaogopa sindano ya mgongo au nusu kaputi kuliko mkato. Fomu ijazwe yote kabla ya sahihi: jina la upasuaji kwa maneno ya kawaida, saa kwa mtindo wa 02:40, lugha, mkalimani. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, na shahidi awe mtu asiyehusika na upasuaji. Wino wa gumba kwenye fomu tupu ni ushahidi dhidi yako.

Mlangoni mwa thieta, uliza tena. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 2008 na kujaribiwa katika miji minane, mmoja wao Ifakara nchini Tanzania, inaanza hapo kabla ya ganzi: jina la mgonjwa, upasuaji gani, mahali gani, na ridhaa. Usiseme, "Wewe ni Fatuma Abdi?" kwa sababu wodini huenda wapo wawili, na mwenye hofu ataitikia jina lolote. Uliza, "Unaitwa nani? Baba yako nani? Babu yako?" Mwaka 2018 katika Hospitali Kuu ya Kenyatta lilifunguliwa fuvu la mtu ambaye hakuwa na damu iliyoganda ubongoni, kwa kuwa wagonjwa wawili walibadilishwa. Kwa asiyeweza kusema, kibandiko cha mkononi kilinganishwe na faili na watu wawili.

Nanyi ndugu wa mgonjwa: kabla ya safari, mama akiwa na mimba, kubalianeni nani atapokea simu na nani atatoa damu, na mume aseme mapema mbele ya watu kwamba neno la mkewe hospitalini ni neno lake. Mkifika, mnaweza kuuliza bila kuogopa: ana nini, mtamfanyia nini, tusipokubali itakuwaje, nani anampasua. Kuuliza hakumchukizi daktari mwema, na Mkataba wa Haki za Wagonjwa ambao Wizara ya Afya ilitoa mwaka 2013 unawapa haki hiyo. Msisaini karatasi tupu. Na mgonjwa akiwa anaongea, mwacheni aongee.

Asubuhi yake, mpasuaji, rudi kitandani. Aliyepasuliwa bila ridhaa kwa sababu alikuwa hajitambui ana haki ya kusikia kutoka kwako kilichofanyika na kwa nini hukumngoja. Aliyeridhia usiku akiwa na uchungu amesahau nusu ya ulichosema. Mwambie upya, mkalimani akiwa yuleyule ikiwezekana, na umwulize kama ndivyo alivyoelewa. Kwa mama, andika kwenye kijitabu chake cha kliniki sababu ya upasuaji, aina ya mkato wa kizazi na ushauri wa uzazi ujao, kwa mwandiko unaosomeka. Faili yako itabaki mjini. Kijitabu kitarudi naye, na mkunga wa Garbatulla au Merti atakayempokea mimba ijayo atakuwa na hicho tu cha kusoma.